Jumapili mume wangu ataapa juu ya bao ambalo sikuliona

Admin, ukikiweka kisa hiki usitaje jina langu wala la mtaa wetu. Kindu ni mji wa watu kujuana, na mume wangu anasoma ukurasa huu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na minne, nimemaliza sekondari, nina miezi mitatu katika ndoa. Nianze na furaha, maana bado ninayo na sijui itakaa hadi lini. Nimeolewa na mwanaume ambaye nikisikia anaingiza baiskeli uani, moyo unaruka kama vile nilimfahamu jana. Ananiita Mwanga. Asubuhi ananichotea maji mwenyewe, majirani wanamcheka, naye anawajibu kwamba bibi yake hakuolewa na ndoo. Ninampenda hadi naona haya kuandika.

Mume wangu ni mwamuzi wa mpira katika mashindano ya mitaa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Miaka ya vita baba mkwe alichezesha mechi huku watu wenye bunduki wamesimama nyuma ya goli, na mkubwa wao alikuwa na timu yake. Timu zikitoka sare hazikupiga penalti, maana hakuna kipa aliyethubutu kudaka mbele ya bunduki. Baba mkwe alihesabu kona. Kila kona ilikuwa jiwe moja ndani ya kopo la timu, na makopo yalikaa wazi mahali ambapo kila mtu aliyaona; wenye mawe mengi ndio walioshinda. Siku moja shuti la timu ya yule mkubwa liligonga mwamba likarudi uwanjani. Wakamwamuru apige filimbi ya bao. Akajibu, "Siwezi kupiga firimbi kwa kitu jicho yangu haikuona." Walimvunja mguu. Hadi leo anatembea kwa fimbo, na neno lile ndilo sheria ya nyumba yetu.

Mume wangu alinifundisha kushika bendera pembeni kabla hata ya kunichumbia. Wazee wa kamati hawakutaka mwanamke, akawasumbua hadi wakanipa mtihani wa sheria, nikawashinda wanaume wote. Tulipooana wakasema bibi na bwana wasichezeshe mechi moja. Akawaambia, "Munitafutie macho kama yake, nitamuacha nyumbani." Wakacheka, wakaachia. Amewaomba pia mara nyingi waweke mtu karibu na kila goli, kutoka mtaa usiohusika, kazi yake kuangalia mstari tu. Wanasema watu hawatoshi. Nasikia kwingine kuna mashine zinazoona mpira ukivuka. Kwetu mashine ilikuwa macho yangu.

Fainali ikakutanisha timu ya mtaa nilikozaliwa na timu ya ng'ambo, waliovuka mto Lualaba kwa mitumbwi na ngoma zao. Nilipaswa kukataa kushika bendera siku hiyo. Sikukataa, kwa sababu tulitaka kuwa pamoja.

Dakika za mwisho, bado bila bila, timu ya kwetu ikapata kona. Wakati mpigaji anauweka mpira, mume wangu alitoa kitambaa nilichomshonea kwa ajili ya arusi, akajipangusa uso, akaniangalia, akainua kidole kidogo. Hiyo ni alama yetu sisi wawili. Kisha akageukia mpira. Mimi sikugeuka. Nilibaki nayaangalia mabega yake kama mjinga.

Nikasikia mwamba ukilia na watu wakipiga kelele za bao. Nilipotazama, kipa alikuwa ameshaukumbatia mpira kifuani, miguu yake juu ya mstari. Mume wangu alikuwa amezibwa na wachezaji, ananiangalia mimi, anangoja. Ningetikisa kichwa tu, ajue sikuona. Lakini niliona aibu ajue macho yangu yalikuwa wapi. Nikakimbia na bendera yangu kuelekea katikati, na hiyo kwetu ni alama ya bao. Akapiga filimbi.

Yule kipa ni fundi baiskeli, mtu mzima mwenye watoto. Hakunitukana. Mechi ilipoisha alinifuata akasema, "Madamu, sina kasirani. Uniambie tu, uliona?" Nikainama kukunja bendera yangu. Akasema, "Basi, nimesikia."

Nyumbani mume wangu aliniuliza neno hilohilo, mara moja tu. Nikamjibu niliona. Akanikumbatia.

Tangu kesho yake mji mzima unaimba kwamba arbitri amelipa mbuzi za ukwe kwa firimbi, yaani mwamuzi amewalipa wakwe zake mahari kwa bao. Wanaimba sokoni, wanaimba kule mitumbwi inapofikia. Kamati imemnyang'anya filimbi, ileile ya baba yake. Jumapili baada ya ibada atasimama mbele ya timu zote mbili, na baba mkwe atakuwepo, ashike Biblia aape kwamba bao lilionekana. Asipoapa, hatachezesha tena maisha yake yote. Yeye hana wasiwasi hata kidogo. Jana aliniambia, "Mimi sikuona, lakini wewe uliona, na sisi tuko mwili moja."

Nikinyamaza, nitamwapisha uongo mbele ya mzee aliyevunjwa mguu kwa kukataa uongo kama huo. Nikisema, kamati itadai amenituma nijitwike kosa lake, na mabinti wawili ambao mume wangu anawafundisha kushika bendera kama mimi watarudishwa nyumbani, kwa sababu mwanamke ameonyesha macho yake yanaangalia nini. Kombe limeshabebwa. Kipa ameshaachwa na timu yake. Na mume wangu, hata akinisamehe, hataniangalia tena kutoka katikati ya uwanja. Nimezunguka pande zote, sioni mlango.

Leo ameniomba nimpigie pasi shati lake jeusi la uamuzi. Nimemaliza, limening'inia mlangoni, na kile kitambaa nimekikunja mfukoni mwake. Ninyi mnaosoma mko nje ya uwanja na mnaona vizuri kuliko mimi. Kabla ya Jumapili, niambieni: nimwambie sikuona, au nimwache aape?