Kitanda cha Sita

Wiki jana nilikwenda hospitalini kumtazama jirani yangu. Kwenye benchi nje ya wodi nilikaa na mama mmoja wa mtaa wa Mbotela, ambaye mumewe, kibarua wa kiwandani, alikuwa amelazwa humo. Daktari alitoka akimwambia nesi kwa Kiingereza, "Bed six won't last."

Mama akanishika mkono. "Umesikia, baba? Kitanda cha sita ni mume wangu! Amesema hatakuwa wa lasti. Si lasti ni wa mwisho? Basi watamtibu mapema."

Mimi nilijua kwamba "last" pia ni kudumu, na kwamba daktari alikuwa amesema mgonjwa hana siku nyingi.

"Si ndivyo, baba?"

"Ingia ukae naye, mama," nikasema. "Usingoje saa ya kuwaona wagonjwa."

Aliinuka akitabasamu, akajifunga leso vizuri, akaingia.

Shuleni nilifundishwa kwamba neno hilo huwa kivumishi na pia huwa kitenzi, nami nikapita mtihani. Hakuna mwalimu aliyenifundisha jinsi ya kumweleza mke wa mtu tofauti yake.