Jicho Lililobaki Mlangoni

Kila nikipanda kwetu Masereka kusalimia, baba zangu wadogo huniuliza ninatibu ugonjwa gani. Nawajibu kwamba sitibu mtu. Mimi ni mwanasaikolojia. Nimetumia maisha yangu ya kazi kutafuta jicho linachagua nini kati ya mambo yote yaliyo mbele yake.

"Donc unaangaliaka bantu benye banaangalia," alisema mmoja wao safari moja, na wote wakacheka huku viazi vikichemka.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Mtu anakaa mbele ya kompyuta. Katikati zinapita picha za mbuzi na ng'ombe, naye anahesabu mbuzi tu. Pembeni, mara mojamoja, nuru ndogo inawaka. Akiiona anabonyeza kitufe. Wanafunzi wangu wa Butembo walihesabu mbuzi vizuri na kuzikosa nuru karibu zote. Ndivyo tulivyo binadamu: ukikaza macho mahali, pengine panafifia.

Kisha nikapeleka kompyuta Beni, kwenye shule ya msingi iliyoongozwa na mama mmoja wa Kasai. Serikali ndiyo iliyomtuma huko, na alikuwa amesoma saikolojia kama mimi. Alinipa chumba nyuma ya ofisi yake, akawa ananiletea watoto mmojammoja.

Asubuhi moja alileta msichana ambaye jamaa yake walikuwa wamekimbia kijiji chao baada ya kushambuliwa. Yule mtoto aliona kila nuru, haikumpita hata moja. Mbuzi, lakini, hakuweza kusema kama walikuwapo.

"Huyu hapana sikia maelezo," nilimwambia yule mama mkuu wa shule, mtoto akiwa bado kwenye kiti. "Tumuweke kando."

Alitikisa kichwa. "Prof, alisikia muzuri. Lakini kwabo kitu kibaya hakitokaka mbele. Kinatokaka pembeni, mu migomba. Macho yake njo inafanya kazi yenye ilijifunza."

Kabla sijajibu, mtoto mwenyewe akauliza kwa sauti ya chini: "Papa prof, naweza kukala mugongo ku ukuta? Hapa mulango iko nyuma yangu."

Tukageuza meza. Akaegemea ukuta, mlango ukawa mbele yake. Safari hii aliwahesabu mbuzi wote, akacheka. Mimi na mama yule tukatazamana. Vitabu nilivyosoma vilikuwa vimejaa maswali kuhusu jicho, lakini hakuna kilichowahi kuniuliza mtu amekaa wapi.

Tulipanga kuwafuata watoto waliokimbia kama yeye mwaka baada ya mwaka, tuone kama umakini wao utarudi katikati, na nini kitakachourudisha: ukuta, rafiki, au shamba linalolimwa kwa amani. Mama yule alichora meza na viti ubaoni mpaka chaki ikamwishia mkononi.

Mwaka wa shule haujaisha, serikali ikamhamishia mkoa mwingine. Halafu risasi zikasikika karibu na mji, jamaa za wakimbizi zikatawanyika, na madarasa yakageuka malazi ya waliofika wapya. Nilimuulizia yule msichana kwa walimu, parokiani, na kwa watu waliokimbilia Mususa, huku Butembo. Mama mmoja muuza sombe, yale majani ya mihogo, aliniambia jamaa ile ilishuka kusini, labda Kanyabayonga. Baadaye watu wa Kanyabayonga nao wakakimbia.

Nilichapisha kile kidogo nilichokuwa nacho. Mkutanoni Kampala walinipigia makofi, kisha mzee mmoja akasimama na kuuliza: "Na yule mtoto, leo anaonaje?" Sisi watafiti tuna neno jepesi kwa jambo kama hilo: tunasema mshiriki amepotea. Nilishindwa kulitamka. Nilisema tu kwamba sijui.

Sasa natafiti macho ya madereva wa pikipiki hapa Butembo. Ni kazi nzuri, na majibu yake hayakawii. Mara nyingine nampigia simu mama yule.

"Confrère, bado unapima bantu macho?" aliniuliza juzi, akiniita mwenzake wa taaluma.

"Bado, mama."

"Kama tungepata hata mwaka moja tu."

"Hata moja," nilisema.

Kisha akanisimulia shule yake ya sasa: mvua inayopiga mabati hadi masomo yanasimama, na walimu vijana wanaotaka kurudi kwao. Hakuna kati yetu aliyezungumzia kuuanza upya utafiti wa watoto.