Majivu Kwenye Utando

Nilikuwa njiani kwenda ng'ambo, kwenye maabara yenye mashine ya baridi kali, kupima vioo vyangu. Vilikuwa vidogo kama kucha, kila kimoja kimepakwa utando mweusi wa madini, mwembamba kupita kiasi. Shahada yangu yote ilikuwa humo. Lakini nani anasafiri mbali bila kumuaga shangazi aliyemlea? Nikapitia Bariadi.

Tangu nifike sikutulia. Nakaa, nainuka, natoka nje kwenye pamba iliyoanikwa, narudi kuchungulia kikasha ndani ya begi. Shangazi akanicheka, "Kwani kiti kina siafu?"

Asubuhi nilipotoka kuoga nilimkuta uani na beseni. Kwake msafiri haondoki na kitu kichafu. Alikwishafua nguo zangu na kusugua viatu, na sasa kikasha changu kilikuwa mapajani mwake.

"Mwangaluka!" akanisalimu kwa furaha.

Vioo vilimeta juu ya ungo, vyeupe pe. Alikuwa amevisugua kwa majivu.

"Mungu wangu! Shangazi, umefanya nini?"

"Si vilikuwa na masizi, mwanangu?"

Nilimpokonya kile cha mwisho mkononi. Mimi, kumpokonya shangazi! Utando ulikuwa bado upo, ila mkwaruzo ulitoka ukingoni ukafika katikati. Nilikirudisha kikashani kwa hasira. Nilimwacha pale, mikono imejaa majivu, nikaondoka hivyo hivyo.

Kwa miaka nimewaambia wenzangu kwamba utando wa aina hii, ukipoa sana, hupitisha umeme pembezoni tu, na umeme huo ukikuta mkwaruzo haukatiki, unauzunguka na kuendelea. Nimelichora hilo ubaoni kwa mbwembwe zote. Ndani ya ndege sikuliamini hata chembe. Nilikishika kikasha njia nzima.

Kule maabara, kioo kile kimoja kikipoa ndani ya mashine, nilizunguka chumba mpaka fundi wa mashine akaniomba nikae. Sikukaa. Kisha vipimo vikatulia. Umeme ulikuwa umeupita mkwaruzo, mzima, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia bila aibu.

Nikampigia shangazi. Kabla sijasema neno akauliza kwa sauti ndogo, "Kimepona?"

"Kimepona. Nisamehe, shangazi."

Alishusha pumzi ndefu, nikaisikia.

"Kina kiburi hicho!" akasema. "Nilikisugua kuliko vyote."