Gari la Umeme Nusu na Shingo Yangu

Enzi zile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika nchini, dalali mmoja wa Morogoro aliniapia kwamba amenipatia gari linalonifaa: linakula petroli na umeme, na likienda taratibu halisikiki hata kidogo. Mimi ni mrefu kama mlingoti. Tulisukuma kiti nyuma mpaka kikagoma, tukakilaza, bado kichwa changu kilisugua dari.

“Inamisha shingo kidogo tu, kaka. Utazoea,” alisema dalali, mtu mfupi, akijinafasi pembeni yangu.

Basi nikalijaribu barabara ya Mzumbe, shingo chini, uso umekunjamana kwa maumivu, mwendo wa kinyonga, kimya kabisa. Wanaume wa kwanza tuliowapita walisimama wakavua kofia. Akina mama waliotoka milimani na mboga wakatua matenga, wakakaa chini. Nikadhani wanalishangaa gari. Nilipotazama kioo, magari yalikuwa yamejipanga nyuma yetu, taa zinawaka mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kutupita.

“Unaona heshima ya gari hili?” akasema dalali.

Nikageuza kurudi nyumbani, hasira zimenijaa. Msafara nao ukageuka.

Mlangoni jirani yangu, mama mtu mzima, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Pole sana, baba. Tunazika lini?”

Nilijikunjua kutoka garini, nikamtupia dalali ufunguo wake.

“Leo hii, mama,” nikamjibu. “Mfiwa ndiye huyu hapa.”