Mayai ya Kasa Niliyoyageuza

Nilitoka kijijini kwetu Bweni miguu mitupu, sina wa kunisaidia, nikarudi nimevaa koti na cheti cha shule ya serikali mkononi, kimepigwa muhuri. Upande wetu wote wa kisiwa hapakuwa na kijana aliyesoma kama mimi, na sioni haya kulisema.

Nilirudi mwaka wa njaa. Muhogo ulikuwa umekaukia shambani. Mdogo wangu wa kike alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalianza kumkatika. Asubuhi moja alifuata alama za kasa ufukweni, karibu na Ras Mkumbi, akafukua mayai zaidi ya mia. Aliyaleta nyumbani kwa kikapu huku akicheka peke yake.

Nikamzuia kuyapika.

"Chukua kumi. Haya mengine nitayaangua. Tutafuga kasa, tule nyama mpaka tuchoke."

"Kaka, mtoto ana njaa leo."

"Aliyesoma hapa ni nani?"

Akanipa kikapu.

Shuleni nilisimamia banda la kuku, na nilijua kwamba yai lisipogeuzwa kila siku, kifaranga hugandia kwenye ganda. Basi nikayafukia mayai yale katika sanduku la mchanga, nikayageuza asubuhi na jioni, sikukosa hata siku moja. Mama mkwe wa mdogo wangu alinikuta nikifukua, akaangua kicheko.

"Bwana msomi, unasonga ugali? Kasa mwenyewe hufukia akaenda zake, wala hageuki nyuma."

"Ndiyo maana wanawe wanakufa," nikamjibu.

Baada ya miezi miwili sanduku lilinuka. Nilipasua yai moja, nikaona kitoto kidogo kama ukucha, kimekufa zamani. Niliyoyajua baadaye niliyachunguza mwenyewe, sikufundishwa na mtu: siku za mwanzo mtoto wa kasa hujishika ndani ya ganda, upande wa juu, na anayeligeuza yai humuua. Mama yake huchagua mchanga mkavu wenye joto, huchimba kina, hufunika vizuri. Malezi yake ni hayo tu, na yanatosha.

Mdogo wangu hakunitukana. Alikaa chini, mtoto mgongoni, akayapasua yote moja moja akitafuta hata moja la kupika. Yalipokwisha, akajisugua mikono kwa mchanga. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu juzi yake. Ijumaa tulimzika, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea.