Timu Yetu na Mrushaji wa Kabichi

Nilimleta mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sina wa kulaumu. Kocha alikuwa amesema kila mmoja wetu aje na mtu mwenye mwili, kwa sababu tulikuwa kumi na tisa tu na mchezo wenyewe unakula watu. Nami nikamkumbuka jamaa wa lori la kabichi, yule aliyetoka Elburgon kila Jumanne na Ijumaa kuja kushusha mzigo sokoni Nakuru, pale mama yangu alipokuwa na kibanda chake. Nilidhani ninaleta mtu wa kusimama mbele na kusukumwa. Nafasi ya mrushaji, yule anayesimama nyuma ya wenzake akautupa mpira mbele kwa mdakaji anayekimbia, ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa amenipa, lakini ilikuwa yangu.

Mpira wa Kimarekani Nakuru! Watu wakicheka nikiwaambia, huwa nawaacha wacheke. Kocha wetu alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, aliyesoma Marekani akarudi na helmeti na padi za mabega zilizokuwa zimechoka kabla hazijavuka bahari. Mfanyabiashara mmoja wa mbegu alikubali kutulipa kila mechi. Hazikuwa pesa za kujengea nyumba, ila zilitosha kukufanya ujibu "mchezaji wa kulipwa" ukiulizwa kazi yako, na mimi nilijibu hivyo hata kwa watu ambao hawakuwa wameuliza. Ligi nzima ilikuwa na timu nne. Tulicheza kwenye kiwanja cha shule karibu na Rhonda, na mistari tuliichora kwa unga mweupe wa mawe ya Kariandusi, ambao mwenzetu mmoja aliyefanya kazi kule machimboni alituletea kwa gunia. Upepo wa mchana ukivuma, nusu ya mistari ilihamia kwenye nguo za mashabiki.

Mwanzoni walikuja kutucheka. Mama mmoja aliyeuza mayai ya kuchemsha langoni alituangalia tukiingia na helmeti zetu, akasema, "Ngai, hawa wamevaa sufuria wakapigane na nani?" Kufikia mechi ya tatu, huyo huyo alikuwa akitutukania refa.

Nilikuwa nimecheza raga tangu kidato cha kwanza, na nilipomaliza shule nilibaki klabuni, timu ya pili, nikingoja kuitwa ya kwanza. Sikuitwa. Kwa hiyo kocha alipokuja na mchezo ambao hakuna aliyeujua, nilihesabu kwamba hapa, angalau, wote tunaanzia sifuri. Nilijifunza kurusha kwa kutazama video kwenye simu. Nilinunua mpira wangu mwenyewe, nikawa naurusha kwenye ukuta nyuma ya ploti yetu mpaka wapangaji wakanishtaki kwa landilodi. Miezi miwili. Ukawa unatoka mkononi ukizunguka vizuri, unakwenda mita thelathini, na siku nyingine thelathini na tano.

Siku ya kwanza ya jamaa wa kabichi mazoezini, mpira ulitoka nje ukabingirika hadi langoni. Alikuwa amesimama huko akihangaika na kamba za padi asizozielewa. Kocha akampigia kelele aurudishe. Akauokota, akaugeuza mara mbili akitafuta mahali pa kuushika, akautupa. Ulipita juu ya vichwa vyetu sote na kutua kifuani mwa kocha, ambaye hakulazimika kusogeza mguu.

"Boss, umecheza wapi?" kocha akauliza.

"Sijacheza. Mimi hupakia kabichi."

Ndiyo kazi iliyompa mkono ule. Kule Elburgon mpakiaji husimama chini akirusha kabichi juu ya lori, moja baada ya nyingine, kwa mwenzake anayezipanga, tangu alfajiri mpaka lori lifure. Alikuwa amefanya hivyo miaka minane. Wiki iliyofuata kocha aliniita kando, akaniwekea mkono begani, akaniambia nina mbio nzuri na nitakuwa mdakaji hatari sana. Nikasema asante. Nilitembea hadi nyumbani na mpira wangu ndani ya begi, na nilitamani yule jamaa avunjike kidole. Si mkono. Kidole tu.

Wivu wangu haukuchagua wakati wala mahali. Mama alianza kumwekea githeri kwenye hotpoti siku za lori. "Huyu kijana ana adabu," alisema. "Anakula, anaosha sahani." Mimi nimeosha sahani za mama yangu miaka yote na sijawahi kusikia ikitangazwa. Nilikuwa nimezoea kusimama chini ya lori nikimsaidia kushusha. Yeye juu akitupa, mimi chini nikidaka na kupanga, na zamani nilifurahia kazi hiyo. Sasa kila kabichi iliyonitua mikononi, palepale nilipoitaka, nilihisi ni matusi.

Lazima nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Wapakiaji wa kabichi wana sheria yao: mrushaji hatupi mpaka mdakaji aite, "Leta!" Anaweza kuwa anakutazama machoni, hatatupa. Nilimuuliza mara moja kwa nini anaishikilia sana sheria hiyo kuliko wapakiaji wengine, maana wengine wakizoeana hutupa tu. Alikuwa ameketi kwenye gunia, anakula. Akaniambia kwamba kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa mpangaji wake juu ya lori. Siku moja walikuwa na haraka, mvua inakuja, akatupa kabla hajaitwa, na kaka yake alikuwa ameinama kurekebisha turubai. Kabichi ilimpata shingoni akaanguka chini. "Anatembea na fimbo," alisema. "Na hajawahi kunilaumu hata siku moja." Kisha akaenda kuosha sahani.

Sheria hiyo aliileta uwanjani. Kocha aliipinga vikali. "Ukiita, adui anasikia! Huu mchezo ni wa macho!" Jamaa akaitikia, ndiyo kocha, akajaribu, na mara zote mkono wake ulikwama nyuma ya sikio hadi akakandamizwa chini. Mwishowe kocha akasalimu amri. Wadakaji tukawa tunakimbia, tunageuka, tunaita "Leta!", na kabla neno halijaisha mpira uko njiani. Timu za wageni zilipogundua, nazo zikaanza kuita "Leta! Leta!" kutoka kila pembe ili kumchanganya. Haikuwasaidia. Alijua sauti zetu, na yangu aliijua kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimemwitia maelfu ya kabichi.

Kibaya zaidi ni kwamba tulielewana. Nilidaka mabao saba msimu ule, yote kutoka kwake. Ni mimi niliyevuka mstari na mpira mkononi, lakini nikigeuka nilikuta watu wamejaa uwanjani wakimbeba yeye. "Kabichi! Kabichi!" Watoto wa Rhonda walimfuata hadi steji ya matatu. Mwandishi wa redio moja ya hapa mjini alikuja kumhoji, na mimi nikawa nimesimama karibu kwa makusudi, nikijifanya ninafungua viatu. Jamaa akanionyesha kwa kidole. "Mimi natupa tu. Uliza huyu, ndiye hushika. Na ndiye alinileta." Mwandishi akanitazama, akaniinamishia kichwa kwa heshima, akarudisha maiki kwake. Angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha. Alinikosesha hata hiyo.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya Nairobi. Tulikuwa tumeshinda tatu na kushindwa mbili. Yule mfanyabiashara wa mbegu alitukusanya asubuhi, akiwa amevaa suti ya kanisani, na kusema bila kuzunguka: tukishinda anaendelea nasi msimu mwingine, tukishindwa anafunga, kwa sababu biashara yake si kanisa. Wengine wetu walikuwa wameacha vibarua kwa ajili ya timu ile. Aliyetuletea unga wa Kariandusi alikuwa amegombana na meneja wake juu ya siku za mazoezi na hakuwa na pa kurudi. Mimi mwenyewe sikuwa na kitu kingine kilichonifanya niamke na hamu. Nililipenda lile jambo kwa moyo wote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ya yanayofuata.

Ikabaki nafasi moja ya mwisho. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na bao moja lingetupa sita. Mama alikuwa pembeni na shuka begani, ameacha kibanda kwa mara ya kwanza kuja kutuona. Kocha akaita mpango wetu wa kawaida: mimi nikimbie moja kwa moja, nikate kulia nyuma ya mstari wa bao. Mpira ukaanza. Nikakimbia. Nilipokata, beki aliyekuwa akinikaba aliteleza kwenye ule unga mweupe akaanguka chali. Nikageuka. Nilikuwa nyuma ya mstari wa bao, peke yangu kabisa. Hapakuwa na mtu wa kunigusa.

Aliniona. Tulitazamana kupitia vyuma vya helmeti. Mkono wake ulikuwa tayari nyuma ya sikio. Kilichobaki kilikuwa neno langu moja.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba pumzi zilinikata, kwamba nilisahau. Sikusahau. Ninakumbuka vizuri nilichofikiria. Nilimwona akibebwa. Niliona mama akisukuma watu ili amfikie, na mimi nikiwa hapo nyuma ya mstari na mpira mkononi, nikingoja mtu akumbuke kuja upande wangu. Wimbo ule wa kabichi ulinijia masikioni kabla haujaimbwa. Nikafunga mdomo. Haikuchukua muda mrefu, labda wa kupiga chafya. Akasubiri. Mabeki wao wawili walikuwa wanamjia na nina hakika aliwaona, lakini alinitazama mimi tu, akisubiri, mpaka wakamwangusha na mpira ukamtoka. Refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Bango la mfanyabiashara wa mbegu liling'olewa uwanjani jioni ile ile. Kocha alifungia helmeti katika stoo ya shemeji yake, akaniuliza mara moja tu, "Kwani hukuwa wazi?" Nikamwambia nilikuwa nimebanwa. Aliniangalia kidogo, akasema basi. Hakukuwa na timu tena. Kiwanjani unga ulikaa siku chache, mvua ikaja ikauosha. Wachezaji walitawanyika. Niliwakuta baadaye wengine wakiendesha boda, mmoja akichoma mahindi Kaptembwo, na kila niliyekutana naye alianza na swali lile lile: ile mechi ya mwisho, ilikuwaje jamaa akashika mpira vile? Alikuwa mkono wa dhahabu, kwani alipatwa na nini? Nilikuwa nikijibu kwamba hata mimi sijui. Baadaye nikaanza kusema pengine ilikuwa presha. Hilo lilinitoka mdomoni kwa urahisi ulionishangaza, na ninaona aibu kukiri kwamba mara ya kwanza niliposikia mtu akisema, "Kumbe hakuwa moto vile," nilisikia utamu.

Kwa wiki mbili hakuja, Jumanne wala Ijumaa. Jumanne ya tatu lori lilifika, naye akiwa juu yake. Hakuanza kushusha. Alishuka, akanijia pale kwenye kibanda cha mama, akavua kofia. Mama aliacha kupanga nyanya.

"Niaje, buda," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliizungusha kofia mikononi.

"Nilikuona. Kocha anasema ati ulikuwa umebanwa, najua unanifunika tu, na hiyo ni roho safi. Ulikuwa peke yako. Nilikuona kabisa. Ningetupa tu, hata mtoto angetupa. Lakini mikono ilikataa. Labda uliita nikakosa kusikia, kelele ilikuwa mob. Ama hukuita, sijui. Hata kama hukuita, macho nilikuwa nayo. Nimeua timu yenu juu ya tabia ya lori. Wiki mbili silali."

Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amenifungulia mlango na kunishikia, ili nipite na kusema lile jambo moja, na mama alikuwa pale, na sidhani nilihitaji hata maneno mengi. Sikuita. Nilikataa kuita. Ningesema hivyo, angeenda nyumbani Elburgon akalala usingizi. Lakini nilimwona mama akimtazama kwa huruma ile ya uso mzima, na kitu kile cha kiwanjani kikanirudia, na mdomo ukajifunga kama ulivyojifunga siku ile.

Ulipofunguka, nilimwambia yameisha, nimemsamehe.

Akashusha pumzi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, akashukuru tena, na uso wake ukalegea mbele yangu ukawa uso wa mtu aliyetua mzigo. Mama akaenda kumpakulia chakula. Nikabaki nimesimama hapo nikimwangalia anavyokula, amesamehewa, na wallahi, nikamwonea wivu hata kwa hilo.