Kizingiti Ambacho Baba Hakukivuka

Khm-khm! Mara mbili, kimya kidogo, halafu mara moja tena. Hata sasa nikifumba macho nakisikia kikohozi cha baba kwenye kona ya migomba, kabla gambuti zake hazijaonekana. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Alikuwa anabisha hodi.

Kwetu, karibu na Itumbe, mwanamume mzima hakurupuki kwenye mlango wa mtu. Baba aliniambia sababu yake siku moja tukichuma chai. "Mpe mtu nafasi ajiokote, mama. Labda alikuwa analia. Labda leso imemteleza. Ukimkuta hivyo, umemwibia."

Aliniita mama tangu nikiwa mdogo. Mimi nilimwita tata, kama watoto wote wa kwetu. Shule niliishia kidato cha pili, na mawazo yangu hayakukaa sana shambani. Mikono ikichuma, kichwani tayari nilikuwa na saluni yangu Nyamira mjini, vioo ukuta mzima. Baba alikuwa akinichungulia na kuuliza, "Wateja wamejaa leo?"

"Wamejaa, tata."

"Basi waambie wangoje kidogo. Kikapu bado ni kitupu."

Hakuwahi kuicheka ile saluni. Aliipangia foleni tu.

Kisha kaka yangu akaoa. Wifi yangu ni mtu wa kando ya ziwa, aliyelelewa mjini kwenye nyumba za kupanga, ambako baba mkwe na mke wa mwanawe hugongana viwiko kwenye kochi moja. Kaka alifanya kazi Kisii na kurudi Ijumaa, kwa hiyo wiki nzima wifi alikaa peke yake kwenye ile nyumba mpya, mwisho wa shamba letu. Nilikuwa nikienda kupiga naye stori, kwa Kiswahili, maana Ekegusii chake kilikuwa cha salamu tu.

Siku moja aliniuliza, "Wifi, niambie ukweli. Mzee ana nini na mimi?"

"Hana kitu. Ni heshima. Sisi tunaiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe imkute mlangoni."

"Na kunikimbia njiani pia ni heshima? Jana ameniona natoka kisimani, akaingia kwenye chai ya watu!"

"Hiyo chai ni yetu."

Hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, nikadhani yameisha.

Mtoto alipozaliwa, kijiji kizima kiliingia mle ndani. Wamama wa kanisani walimbeba, wakamwombea, wakabishana kuhusu pua yake. Baba alifika hadi kwenye migomba, akakohoa, akauliza kwa sauti kama mama na mtoto wameamka salama, akarudi. Hivyo hivyo kila siku.

Jumatano moja nilimkuta wifi anakunja nguo za mtoto, anazitia kwenye begi.

"Kaka yako akija Ijumaa, mwambie Jumapili naenda kwetu," alisema. "Na sirudi. Kila mtu amembeba huyu mtoto isipokuwa babu yake. Kama mzee hanitaki kwa sababu mimi si wa huku, sawa. Lakini mtoto amemkosea nini?"

Nilikimbia. Baba alikuwa nyuma ya zizi anakatia ng'ombe majani. Nilimweleza yote bila kupumua. Panga likasimama.

"Amesema simpendi?"

"Amesema unamkimbia."

Akakaa juu ya lile rundo la majani, mtu mzima yule. "Na zile kuni anafikiri zinatoka wapi?"

Kila alfajiri, kabla wifi hajaamka, baba alikuwa akimwekea kuni na kibuyu cha maziwa nyuma ya jiko lake.

"Anafikiri ni mama yetu anayeziweka," nilisema.

"Mbona hukumwambia?"

"Wewe ndiye ulinikataza, tata! Ulisema nisitangaze."

Akalifuta panga kwa jani. Kisha akasema polepole, "Mwambie nimelelewa hivi, njia nyingine siijui. Lakini nikionyeshwa nitajaribu. Asinicheke tu."

Nilirudi nikamwambia wifi vile vile, sikuongeza chumvi. Alitoka na mtoto mkononi, akaenda nyuma ya jiko kuziangalia zile kuni. Zilikuwa zimepasuliwa nyembamba, za kutosha jiko lake dogo. Kwetu mama anachoma magogo.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Hata Sabato?"

"Za Sabato analeta Ijumaa, jua likiwa bado juu."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, machozi nayo hayakungoja. Akajifuta kwa nepi ya mtoto. "Sasa atambebaje, wifi? Nimpitishie dirishani kama mkate?"

"Kumbeba mtoto nje hakuna mwiko. Ni kuingia ndani tu."

"Basi mwite. Lakini ngoja kwanza nimwogeshe mtoto, anukie vizuri."

Aliingia kuchemsha maji. Nilimsikia akilivuta lile begi kutoka kitandani, akizitoa nguo moja moja, akitafuta sweta ya njano.

Nilibaki uani peke yangu. Nikachukua benchi la jikoni, nikalibeba hadi chini ya ukingo wa paa, mbele ya nyumba. Nikalikalia kulijaribu. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, nikatafuta jiwe bapa nikauwekea. Kisha nikaligeuza liipe nyumba mgongo na kutazama chai, ili atakayekaa pale asijikute anaangalia ndani.